DANZIG, TOWER, ELG: bunduki ya zamani iliyo nyumbani ilitoka wapi?

Katika baadhi ya familia za Handeni na Korogwe bado kuna chuma kirefu kimefichwa darini au nyuma ya ghala la mahindi. Ni bunduki ya babu, au ya baba yake babu. Hakuna anayeipiga. Siku hizi kijana wa nyumba huipiga picha kwa simu, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya jua kuzama jibu limerudi: "Hayo maandishi DANZIG ni jina la mji wa Poland. Hiyo ni bunduki ya Kipolandi, mali adimu." Kesho yake dalali anapiga simu.

Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu fedha, na wakati mwingine vidole au kifungo. Makala hii inaeleza jinsi alama za bunduki za zamani zinavyosomwa, kwa nini nyingine zilipigwa ili kumdanganya mnunuzi, na nini cha kufanya ukiwa na silaha ya namna hiyo nyumbani.

Kabla ya kuendelea: usiichukue bunduki hiyo kwenda kuitazama alama baada ya kusoma hapa. Bunduki ya kushindilia inaweza kuwa na baruti ndani tangu mtu wa mwisho alipoijaza, na baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki kama unga wa mahindi. Picha iliyokwisha kupigwa inatosha.

Danzig ilikuwa ya nani?

Mji unaoitwa Gdańsk leo, bandari ya kaskazini mwa Poland, Wajerumani waliuita Danzig. Tangu mwaka 1793 ulikuwa chini ya Prussia, baadaye Ujerumani. Serikali ya Ujerumani iliweka hapo kiwanda chake cha silaha, sawa na vile vya Spandau, Erfurt na Amberg. Bunduki za jeshi zilizotoka humo zilipigwa mhuri wa taji na jina la mji, na nyingi pia mwaka, kwenye chuma pale mtutu unapoanzia.

Wakati huo Poland haikuwa nchi. Majirani zake watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wameigawana mpaka ikafutika kabisa kwenye ramani mwaka 1795. Ilirudi Novemba 1918, miaka 123 baadaye. Kwa hiyo bunduki yenye jina DANZIG na mwaka 1916, kwa mfano, ilitengenezwa katika mji ambao leo ni wa Poland, lakini ni bunduki ya jeshi la Ujerumani tangu siku ya kwanza. Kuiita ya Kipolandi ni sawa na kusema rupia iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 ni fedha ya Tanzania.

Na si adimu. Viwanda vile vilitoa bunduki kwa mamia ya maelfu, na Ulaya wakusanyaji wa vitu vya kale wanazo tele, zilizotunzwa vizuri. Yenye kutu na kitako kilicholiwa na mchwa haina bei ya kumfanya mtu asafiri kutoka Dar es Salaam kuifuata.

Bunduki za Poland yenyewe zilianza baada ya 1918, na hapa kuna jambo la kuvutia. Ujerumani iliposhindwa vita, mitambo ya kiwanda cha Danzig ilipewa Poland. Ikapelekwa Warszawa, na baadaye kazi hiyo ikafanywa pia katika kiwanda kipya cha mji wa Radom. Bunduki zilizotoka huko zilifuata umbo lilelile la Mauser ya Mjerumani, ila mhuri ulibadilika: tai wa Poland, na kwa zile za Radom maandishi F.B. RADOM na mwaka. Ukiona tai peke yake usikimbilie kusema Poland, maana Ujerumani nayo ilitumia tai. Ni jina la kiwanda pamoja na mwaka ndivyo vinavyosema kweli, na mwaka wowote kabla ya 1918 unaiondoa Poland moja kwa moja.

Wako wanaosema bunduki hizi zililetwa na wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili. Wakimbizi hao walikuwapo kweli. Kuanzia mwaka 1942 maelfu yao waliishi Tanganyika, kambi kubwa ikiwa Tengeru karibu na Arusha. Lakini wengi walikuwa wanawake na watoto waliotoka uhamishoni Urusi wakipitia Uajemi, wamechoka na wanaumwa. Hawakuja na shehena ya silaha.

Majina ya Kiswahili yanasema zaidi ya mhuri

Nyingi ya bunduki kongwe za upande huu zilifika kabla ya Mjerumani. Waliozinunua hawakusoma herufi za Kizungu, hivyo walizitofautisha kwa namna zinavyowaka moto, na majina waliyozipa bado ni njia nzuri ya kukadiria umri wa bunduki.

Bunduki ya mrao ndiyo kongwe kuliko zote: iliwashwa kwa utambi unaofuka moto. Baada yake ilikuja ya gumegume, yenye jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Leo wengi wanalijua neno gumegume kama jina la mwanamume asiyefaa kitu, na aliyewahi kuona jiwe likigoma kutoa cheche siku ya mvua hatashangaa. Ya fataki ilitumia kikofia kidogo cha shaba kinachopasuka kikigongwa, na haikuogopa sana unyevu. Hizo zote zilijazwa kwa mbele: baruti, kitambaa, risasi, kisha kushindilia kwa mdeki. Mwisho ikaja ya viasi, inayojazwa kwa nyuma, risasi na baruti vikiwa pamoja ndani ya ganda moja. Anayekwambia "hii ni gobore" anamaanisha ya kujazwa kwa mbele, iwe ilitoka Ulaya au kwa mhunzi wa kijijini.

Bunduki hizo zilipitia Zanzibar, zikavushwa hadi Pangani na Saadani, kisha zikapanda bara na misafara. Zililipwa kwa pembe za ndovu, na pia kwa watu. Wazigua walizipata mapema. Burton na Speke walipokwenda Vugha Februari 1857, Wazigua walikuwa tayari wanaogopwa na majirani wa bonde la mto Pangani kwa sababu ya bunduki zao. Kimweri ye Nyumbai alikuwa bado mtawala wa Usambara, mzee sana, na ufalme wake ulikuwa umejengwa juu ya kodi na heshima ya mlimani, si juu ya baruti.

Alifariki mwaka 1862. Kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, kule Vugha. Lakini mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, penye njia ya misafara. Aliyekaa njiani ndiye aliyekutana na wafanyabiashara, na ndiye aliyejaza ghala la bunduki. Haikuchukua miaka mingi Shekulwavu akafukuzwa Vugha. Nguvu ikashuka kutoka mlimani kwenda bondeni, na vita vya ndani vikaendelea kwa miaka mingi, vikiuza watu wa nchi hii pwani. Ukisikia wazee wa Mazinde au Mombo wakisema bunduki ilivunja Usambara, hawatii chumvi.

TOWER na ELG

Sasa turudi kwenye mhuri. Bunduki nyingi za kushindilia zina neno TOWER na taji kwenye bamba la mtambo, upande wa kulia. Asili yake ni ghala la silaha la serikali ya Uingereza katika ngome ya Tower, London. Wanajeshi wa Uingereza walibeba bunduki zenye alama hiyo, na wanunuzi wa Afrika wakajifunza kuiamini.

Wafanyabiashara wakaona. Mafundi wa Birmingham waliokuwa wakitengeneza bunduki za bei rahisi za kuuzwa Afrika wakaipiga TOWER. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, nao wakaipiga. Mwishowe neno hilo likawa kama jina la simu maarufu kwenye mgongo wa simu ya kuiga: linaonyesha tu kwamba mtengenezaji alijua mnunuzi anataka nini.

Ndiyo maana mtaalamu hasomi bamba la mtambo kwanza. Anatazama mtutu, karibu na sehemu ya kuwashia. Liège ilikuwa na nyumba ya majaribio, ambako kila mtutu ulijazwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukapigwa, na usipopasuka ukapewa mhuri: herufi ELG ndani ya umbo la yai. Kuanzia mwaka 1893 umbo hilo liliwekewa taji juu. Birmingham nayo ilikuwa na nyumba yake tangu 1813, yenye mihuri ya taji na fimbo za kifalme. Kwa hiyo inawezekana kabisa bamba liseme London na mtutu useme Ubelgiji. Hapo mtutu ndio wa kuaminiwa, kwa sababu mhuri wake uliwekwa na chombo cha majaribio kwa mujibu wa sheria, wakati bamba liliandikwa kwa ajili ya soko.

Ubelgiji haikuwa peke yake. Kila jeshi la Ulaya lilipobadili silaha, zile za zamani ziliuzwa kwa rundo. Ufaransa ilichukua bunduki ya Chassepot mwaka 1866 na ya Gras mwaka 1874, na kila mara mabaki yakatafuta soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mwaka huohuo pwani ililipuka dhidi ya Wajerumani. Bwana Heri wa Saadani, aliyekuwa na nguvu kubwa kwa Wazigua, aliendelea kupigana mpaka mwaka 1890.

Mwaka 1890 pia ndipo mataifa ya Ulaya yalipotia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa. Zile za gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa. Maneno ya mkataba yalizungumzia kukomesha biashara ya watumwa, lakini tazama matokeo yake: mkoloni akabaki na bunduki ya viasi, mwenyeji akabaki anashindilia. Gobore haikudumu vijijini kwa sababu watu wetu hawakujua kuchagua. Nyingine walikatazwa.

Zilizoachwa na vita vya Wajerumani na Waingereza

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Mjerumani hapa walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Hiyo huonekana kwa mtutu wake mpana wa milimita 11 na maandishi ya kizamani yanayoishia na namba 71. Ilipiga risasi moja moja na ilitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Mauser mpya ya mwaka 1898, ya milimita 7.9, haikuwa na moshi huo na ilibeba risasi tano.

Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga wakaacha mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa, zikaingia mikononi mwa askari wa Lettow-Vorbeck. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilijificha katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na Mauser mpya na shehena kubwa ya risasi. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza, lakini mzigo mwingi uliokolewa majini. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa na kukaushwa, na nyingi hazikuwaka vizuri tena.

Kisha Juni 1916 jeshi la Smuts lilishuka likifuata reli na mto Pangani. Korogwe ilichukuliwa katikati ya mwezi, Handeni siku chache baadaye, na tarehe 24 wakapigana mto Lukigura, kusini mwa Handeni. Jeshi linalorudi nyuma kwa haraka huacha vitu. Ndiyo sababu katika wilaya hizi mbili si ajabu Mauser ya Mjerumani na Enfield ya Mwingereza, yenye taji na herufi za mfalme, kutoka katika ardhi ileile.

Bunduki za jeshi la Ujerumani zina kipimo kimoja kizuri cha ukweli. Namba yake ilipigwa kwenye mtutu na kurudiwa kwenye vipande vingine, ikiwemo komeo la nyuma. Namba zikilingana, vipande vilizaliwa pamoja. Zisipolingana, mtu aliunganisha mabaki ya bunduki mbili au tatu, na komeo la bunduki moja kwenye mtutu wa nyingine linaweza lisifunge sawasawa. Mpigaji ndiye anayesimama nyuma yake.

SMG yenye namba 11

Bunduki za Poland ambazo kweli zimesambaa duniani ni za baadaye kabisa: aina ya AK, ambayo hapa kwetu watu huiita SMG. Kiwanda cha Radom kilipiga namba 11 ndani ya duara, na kwenye swichi ya kupigia kuna herufi C na P, kwa maneno ya Kipolandi ya mfululizo na moja moja. Ya China aina ya 56 huwa na namba 66 ndani ya pembetatu. Wachunguzi wa silaha hutumia alama hizo pamoja na namba ya bunduki kufuatilia ilitoka nchi gani na ilipotelea wapi. Kwa mwanakijiji ubora wake si swali kabisa. Hiyo si silaha ya raia kumiliki, na ukiikuta porini au shambani, habari yake ni ya polisi siku hiyohiyo.

Ubora wa bunduki kuukuu

Kuna imani kwamba chuma cha Mjerumani hakiharibiki. Kilikuwa chuma kizuri, kweli. Lakini mtutu huliwa kwa ndani, na baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu na kuzaa kutu mahali jicho halifiki. Nje unaweza kung'aa kwa mafuta ya nazi huku ndani umetoboka kama jino bovu. Jaribio la Liège lilifanywa mara moja, mtutu ukiwa mpya. Halikuahidi miaka 130.

Hatari kubwa zaidi ni baruti. Bunduki ya kushindilia ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ambayo husukuma risasi polepole. Mtu akichukua baruti ya kisasa kutoka kwenye risasi za marisau akaijaza humo, msukumo unakuwa mwingine kabisa, na mtutu hupasuka karibu na uso na mkono wa kushoto. Vivyo hivyo kwa magobore ya kuundwa kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari. Fundi anaweza kuwa hodari sana, lakini bomba la maji lilitengenezwa kwa ajili ya maji.

Sheria na dalali

Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na uzee wa bunduki hauifanyi kuwa kifaa cha nyumbani. Leseni hairithiwi pia. Mwenye silaha akifariki, silaha hupelekwa polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi yake mwenyewe. Kuunda gobore bila kibali ni kosa jingine.

Ikiwa unayo, usiibebe begani kwenda mjini. Utakutana na doria njiani na maelezo yako hayatakuwa rahisi. Mwambie mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, au polisi kata, aje na utaratibu. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, na Umoja wa Afrika umeuweka Septemba kuwa mwezi wa msamaha huo barani, kwa hiyo sikiliza matangazo karibu na wakati huo. Ukiona silaha yenu ina historia inayostahili kuhifadhiwa, liseme hilo wakati wa kuikabidhi. Tanga mjini kuna makumbusho ya Urithi, na njia halali ya bunduki kufika makumbusho hupita polisi.

Dalali naye hupita njia ya simu. Akikutaka umtumie picha zaidi, kisha fedha ya mtaalamu, kisha fedha ya kibali, ujue hadithi hiyo ni ndugu wa rupia za Mjerumani zilizozikwa chini ya mbuyu. Na hata akija na fedha taslimu, kuuziana silaha isiyo na leseni kunawaingiza wote wawili kwenye kosa. Picha uliyoituma ina namba yako, na mara nyingi ina sura ya nyumba yako nyuma.

Risasi za zamani zinazofukuliwa na jembe la trekta mashambani, hasa zile kubwa za mizinga, zisiguswe kabisa. Weka alama mahali hapo kwa kijiti, ondoa watoto na mifugo, kisha toa taarifa. Watoto hupenda maganda ya shaba kwa sababu wauza vyuma chakavu huyanunua kwa kilo, na ganda lenye risasi ndani hufanana sana na lililo tupu.